Uzito Haumwokoi Dereva Kwenye Utelezi

Wakati wa masika mwaka mmoja, nilikuwa miongoni mwa abiria wa pikapu iliyokwama kwenye mlima wa udongo mwekundu huko Murang'a. Kama ilivyo desturi, sote tuliteremka ili kuipunguzia mzigo. Magurudumu ya nyuma yakazidi kuzunguka bure na kuturushia matope. Ndipo mzee mmoja aliposema, "Wanangu, rudini juu, mkae nyuma kabisa." Tulipanda shingo upande. Gari likaukwea mlima.

Mzee hakukosea. Msuguano baina ya tairi na barabara huongezeka kadiri uzito unaoligandamiza gurudumu unavyoongezeka. Pikapu ile ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, nasi tuliyakalia. Lau lingekuwa gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama yalivyo mengi ya siku hizi, kukaa kwetu nyuma kusingefaa kitu.

Tulipofika kileleni, dereva alitangaza kwamba gari lililojaa huishika barabara sawasawa, akaanza kuteremka kwa kasi. Hapa ndipo wengi hupotoka, hata waliopasi fizikia (ambayo waliisoma kwa Kiingereza na kuiacha darasani, lakini hayo ni ya siku nyingine). Mzigo uzidishao msuguano huzidisha pia tungamo ambalo breki hazina budi kulisimamisha. Msuguano ukiwa maradufu, kazi nayo huwa maradufu. Faida yote imeliwa.

Kinachobaki ni hali ya barabara na mwendo. Chukua gari liendalo kilomita 80 kwa saa kwenye lami tambarare. Lami ikiwa kavu, na kipimo cha msuguano kikiwa 0.7, litasimama mita 36 hivi tangu breki kushika. Lami ikilowa na kipimo kushuka hadi 0.4, litahitaji mita 63. Ongeza abiria kumi au uwapunguze, hesabu haibadiliki. Punguza mwendo hadi kilomita 40, na lami hiyo hiyo iliyolowa itakudai mita 16 pekee. Na hayo ni iwapo breki zenyewe zinauweza mzigo. Za lori lililopakiwa kupita kiasi hupata moto mteremkoni na kulegea.

Dereva wetu alikanyaga breki kwenye kona ya kwanza. Gari likaserereka ubavu hadi ukingoni mwa shamba la kahawa. Mzee ndiye aliyeshuka wa kwanza, na safari hii hakumwambia mtu arudi juu.