Trela Lisilo na Manifesti

Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, foleni ya matrela huanza kabla hujaliona geti. Kila kontena limepigwa sili, na afisa wa forodha kwa kawaida halifungui; husoma manifesti, karatasi inayosema ndani mna nini, kimetoka wapi na kinaelekea wapi. Faili ya PDF nayo imeundwa hivyo. Mwenye macho huona ukurasa. Kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, hufuata lebo zilizofichwa nyuma ya ukurasa: hiki ni kichwa, hii ni aya, hili ni jedwali, hii ni picha na maelezo yake ni haya. Lebo zisipokuwepo, mzigo umo lakini karatasi yake haipo.

Nililijaribu jambo hili kwa tangazo la kurasa mbili lililokuwa likizunguka Busia, mji mwingine wa mpaka huo, kwenye WhatsApp: orodha ya bidhaa ambazo mfanyabiashara mdogo anaweza kuvusha kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Utaratibu huo ni nafuu kubwa. Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo kwenye orodha, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi kinachotolewa mpakani. Asiyeijua orodha hubaki mikononi mwa madalali, au hupita njia za panya. Asiyeona, yeye hulazimika kumwomba mtu baki amsomee, na papo hapo mtu huyo anajua mwenye mzigo amebeba nini na cha pesa ngapi.

Nikawasha NVDA, kisoma skrini cha bure alichokianzisha Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, mwaka 2006, kisha akaungana naye James Teh, asiyeona pia. Sauti ikaniambia ukurasa hauna kitu. Muhuri wa buluu nilikuwa nauona, sahihi naiona. Lakini tangazo lilikuwa limechapwa, likagongwa muhuri, kisha likaskaniwa. Lilikuwa picha tu.

Tiba ya kwanza ni programu ya kutambua herufi. Tesseract, iliyoanza kuundwa katika kampuni ya HP mwaka 1985 na sasa ni ya bure, inakijua Kiswahili. Ilinipa maneno, ila pale muhuri ulipokalia tarakimu, 8 ikatoka 3. Mfanyabiashara anayehesabu kwa tarakimu hiyo amekwisha kula hasara.

Na maneno peke yake hayatoshi. Jedwali lilisomwa kama mtu anayemwaga gunia: "mahindi, tisini, maharagwe, tisini". Tisini ya nini? Nikavitia lebo vichwa vya safu, ndipo sauti ikaanza kutaja uzito kabla ya kila tarakimu. Ila iliuita "yuzito", kwa ulimi wa Kiingereza, kwa sababu lugha ya faili haikuwa imetajwa popote. Kuitaja ni kazi ya nusu dakika. Kwa nyaraka zetu za Kiswahili sijui kosa linaloniuma zaidi ya hili: mtu afikiwe na waraka, kisha asiitambue lugha yake mwenyewe.

Kenya ina kiwango chake, KS 2952 cha mwaka 2022, kuhusu teknolojia inayofikiwa na watu wenye ulemavu. Kwa vitabu kuna Mkataba wa Marrakesh. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018. Mkataba huo unaziruhusu taasisi zinazowahudumia wasioona kutengeneza nakala inayosomeka bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na kuivusha mpaka. Kitabu cha shule kikishatiwa lebo Busia ya Kenya, njia iko wazi kisomwe Busia ya Uganda bila kazi kurudiwa.

Ofisi zingeweza kutuondolea shida hii yote kwa kuhifadhi waraka moja kwa moja kama PDF, ukiwa na mitindo ya vichwa, badala ya kuuchapa na kuuskani. Mimi kurasa mbili zilinilia mchana mzima. Nikazipitisha kwenye PAC, programu ya kukagua lebo iliyotengenezwa Uswisi, nayo ikaonyesha kijani juu hadi chini. Kisha nikamtumia rafiki yangu asiyeona, anayeuza samaki wakavu sokoni. Alisikiliza hadi mstari wa kumi na moja, akanipigia simu kuuliza "omcna" ni mnyama gani.

Ilikuwa omena.