SABURI YA MKRISTO KATIKA MITAA YA MASHARIKI YA NAIROBI

Wahenga walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni neno jema, nalo lamfaa mkulima angojaye mvua na karani angojaye kupandishwa cheo. Lakini saburi ya Mkristo yapita hapo, kwa kuwa wako wengi waliovumilia mpaka mwisho wasizione mbivu kwa macho yao. Tukitaka kujua saburi hiyo ni kitu gani, hatuna haja ya kwenda mbali. Na tutazame mitaa ya mashariki ya mji wa Nairobi, yaani Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati na mingineyo, na mambo yaliyowapata watu wake katika miaka ya 1950.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi watu walivyoishi. Serikali ya kikoloni ilidhani kwamba Mwafrika atakaa mjini kwa muda tu, kisha atarudi kwao. Kwa hiyo vyumba vingi vilikuwa vya watu kupanga vitanda, si vya kulea watoto. Mshahara nao ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, hata kamati ya Bwana Carpenter ilipotoa taarifa yake mwaka 1954 na kushauri kwamba mshahara umtosheleze mtu pamoja na jamaa yake. Basi mtu aliyetaka kukaa kwa uaminifu na mkewe, asiguse fedha ya tajiri wake wala asinywe karo ya mtoto, alikuwa na vita kila mwisho wa mwezi, wala hapakuwa na mtu wa kumsifu.

Juu ya taabu hizo, tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Mkristo Mkikuyu akawa kama nafaka kati ya mawe mawili ya kusagia. Usiku aliweza kubishiwa hodi na watu waliomtaka ale kiapo. Mchana aliulizwa na askari yu upande gani. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji katika msako ulioitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani, na zaidi ya 20,000 wakatiwa kizuizini, wengi wao Langata, Manyani na Mackinnon Road. Mtaa wa Bahati ukazungushiwa seng'enge.

Katika siku hizo walionekana ndugu wa Uamsho. Uamsho huo ulianza Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika Kabete mwaka 1937. Desturi ya watu wake ilikuwa kukutana mara kwa mara, kuungama makosa yao wazi, na kurudisha mali waliyoipata kwa hila. Wengi wao walikataa kiapo, kwa kuwa walikwisha kushiriki damu ya Kristo mezani pake, nao waliona si halali kushiriki nyingine. Lakini tena wengi walikataa bunduki za serikali, kwa sababu hawakutaka kumwua jirani. Hivyo walichukiwa pande zote mbili. Wengine waliuawa, wengine walipigwa, na wengine waliitwa waoga.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu wengine. Wako Wakristo waliokula kiapo kwa kulazimishwa, na wako waliokula kwa hiari wakidai ardhi na uhuru, na dai hilo lilikuwa na haki ndani yake. Twatafuta jambo moja tu: mtu asiye na silaha na asiye na upande wa kumlinda, aliwezaje kusimama?

Kwanza, hakusimama peke yake. Kijinga kimoja kikitolewa motoni huzima upesi, bali vikiwa pamoja huendelea kuwaka. Chumba kidogo cha mtaani kilitosha watu wachache kusali, na aliyekuwa na hofu aliisema hofu yake mbele ya wenzake.

Pili, alihesabu siku moja moja. Hakuna apewaye nguvu za mwaka mzima asubuhi moja. Mtume Paulo aliyafananisha maisha haya na mashindano ya mbio, na kila mkimbiaji ajua kwamba mwendo mrefu ni hatua nyingi fupi.

Tatu, alipoanguka hakukaa chini. Kuvumilia si kutoanguka kamwe. Petro alimkana Bwana wake mara tatu usiku mmoja, na bado alirudi akalichunga kundi.

Tena mtu asidhani ya kuwa saburi ni kunyamaza. Aombaye mshahara wa haki, au aendaye kumtetea jirani aliyeonewa, hajaiacha saburi. Aliyeiacha ni yule aliyekata tamaa, akafanya lolote mradi apate nafuu leo.

Matunda yake? Mwaka 1957, Hali ya Hatari ikiwa bado haijaondolewa, Kanisa lilianzisha Pumwani kituo cha Mtakatifu Yohana ili kuwasaidia watu wa mtaa. Hatari ilikoma mwaka 1960, uhuru ukaja mwaka 1963, wakoloni wakaenda zao, na kituo kikaendelea na kazi yake. Hicho ni kipimo kizuri. Makelele ya vita hupita. Kazi ndogo ifanywayo kila siku hubaki.

Basi, wewe karani uliye peke yako katika afisi yenye rushwa, nawe mkulima ambaye shamba limekudanganya msimu wa pili, msiulize kama mtaweza kusimama miaka kumi. Ulizeni kazi ya leo ni ipi, na ni nani aliye karibu wa kuifanya pamoja nanyi. Wenzenu wa Bahati na Pumwani hawakuwa na zaidi ya hayo, nao walifika.