Mitaa Iitwayo Malango: Kuufasiri Mji wa York kwa Mwenda kwa Miguu

Mfasiri anayekabidhiwa kijitabu cha kuwaongoza wageni katika mji wa kale aghalabu hudhani kwamba kazi aliyopewa ni nyepesi. Sentensi ni fupi, vitenzi ni vichache, na maagizo ni yale yale: pinda kushoto, vuka daraja, tazama juu. Ugumu hujitokeza pale mgeni anapoishika tafsiri hiyo mkononi na kuanza kutembea. Hapo kosa la istilahi halibaki karatasini. Humpeleka mtu kwenye mtaa ambao sio. Makala haya yanakusudia kuyaeleza matatizo ya namna hiyo kwa kuufuata mji mmoja, York, ulioko kaskazini mwa Uingereza, tangu lango lake la kusini-magharibi hadi ndani ya kanisa lake kuu, na kupendekeza maneno ya Kiswahili yawezayo kuwafaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

York unafaa kwa mfano huu kwa kuwa lugha zimelundikana pale tabaka juu ya tabaka. Warumi waliujenga mwaka 71 B.K. kwa jina la Eboracum, na humo ndimo majeshi yalimomtangaza Constantine kuwa mfalme wa dola la Rumi mwaka 306. Mwaka 866 uliangukia mikononi mwa Waviking kutoka Skandinavia, ambao waliuita Jorvik. Kila utawala uliondoka. Maneno yake yakabaki ukutani na njiani, mengine yakiwa yamevaa sura ya Kiingereza cha leo ilhali maana yake ni nyingine kabisa.

Tuanzie langoni. Mgeni anayetoka stesheni ya reli na kushika njia ya kuingia mji wa kale hulikuta jengo refu la mawe liitwalo Micklegate Bar. Mfasiri mwenye kamusi moja tu ataona maneno mawili anayoyafahamu. "Gate" ni lango. "Bar" ni mahali pa kuuzia vileo. Akiandika "Baa ya Lango la Mickle", mgeni atatafuta kinywaji, na msomaji wa Kiswahili mwenye mzaha atauliza ni baa gani hilo lililoushukia mji. Kweli yenyewe ni kinyume. Katika York, "gate" ni mtaa, kwa maana linatokana na neno la Kiskandinavia "gata", yaani njia. "Bar" ndilo lango, kwa sababu lilikuwa kizuizi cha kufunga njia. Micklegate basi ni "mtaa mkubwa", na Micklegate Bar ni lango la mtaa huo. Mwaka 1460 kichwa cha Richard, Mtawala wa York, kilitundikwa juu ya lango hilo baada ya yeye kuuawa vitani. Na msomaji anayedhani kwamba kilitundikwa juu ya mlango wa kilabu cha pombe amenyimwa historia nzima.

Tunapendekeza kwamba jina lenyewe liachwe lilivyo, na aina ya kitu itajwe kwa Kiswahili mbele yake: lango la Micklegate kwa jengo, mtaa wa Micklegate kwa njia. Yawezekana mtu akapinga kwamba "mtaa wa Micklegate" ni kurudia neno moja mara mbili, kwa kuwa mtaa umekwisha tajwa ndani ya jina. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mtaalamu wa asili ya maneno, lakini mwenda kwa miguu haimsaidii. Sisi wenyewe husema "soko la Kariakoo" bila kukumbuka kwamba Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi cha Kiingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vivyo hivyo Darajani, Unguja, hapana tena daraja, na anayekwenda Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, hahesabu minazi. Jina la mahali likishakomaa huacha kueleza na huanza kuonyesha. Mfasiri asilifufue bila sababu.

Kuhusu "mtaa", neno hili lina maana mbili, sehemu ya mji pamoja na wakazi wake, na njia yenye nyumba pande mbili. Kwa York maana ya pili ndiyo inayohusika, kama tunavyosema Mtaa wa Kongo pale Kariakoo. Vijia vyembamba vinavyopenya katikati ya nyumba havikuwa na jina moja hadi mwaka 1983, mwandishi Mark W. Jones alipobuni neno "snickelway" kwa kuyachanganya maneno matatu ya Kiingereza. Hapo Kiswahili hakina haja ya kubuni chochote. Mtu aliyewahi kupotea Mji Mkongwe au Lamu anajua kichochoro ni nini.

Baada ya kuvuka daraja la mto Ouse, mgeni hufika Coppergate. Mtego wa hapa ni mdogo lakini unafundisha. Jina lina sauti ya shaba, na "Mtaa wa Shaba" ungependeza sana katika kijitabu. Lakini mzizi wake ni neno la Kiskandinavia linalotaja watu waliokereza vikombe na mabakuli ya mti. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi hapo tangu 1976 hadi 1981 waliyakuta mabaki ya ukerezaji huo ardhini, pamoja na nyumba za mbao za enzi ya Waviking. Ni mara chache sana ardhi humsahihisha mfasiri waziwazi namna hiyo.

Kutoka hapo mtaa wa Castlegate huelekea kwenye kilima ambacho juu yake pana Clifford's Tower. Kulifasiri jina hilo kuwa "Mnara wa Clifford" kunakubalika, ijapokuwa msomaji wetu atafikiria kitu chembamba cha kuadhinia au cha kengele. Afadhali kuongeza mara moja kwamba ni ngome ndogo ya mawe. Lakini ugumu wa mahali hapa haumo katika nomino, umo katika kitenzi. Mwezi Machi 1190 Wayahudi wa York, wapatao 150, walikimbilia ndani ya ngome ya mbao iliyokuwapo juu ya kilima hicho, wakazingirwa na umati. Wengi wao, wakiongozwa na rabi Yom Tov wa Joigny, walichagua kufa kwa mikono yao kuliko kuangukia mikononi mwa adui. Moto ukawaka. Waliosalia walitoka asubuhi kwa ahadi ya usalama, nao wakauawa. Kisha wauaji, ambao baadhi yao walikuwa na madeni kwa Wayahudi hao, walikwenda katika kanisa kuu zilikohifadhiwa hati za madeni na kuziteketeza.

Kijitabu cha wageni hulazimika kulisema jambo hili kwa mstari mmoja au miwili. Mfasiri ataandika nini? "Walifariki" ni neno la heshima, linalofaa kwa aliyekufa kitandani, na hapa linaficha. "Walijiua" ni kweli kwa wengi lakini linawatoa wauaji katika hadithi. "Waliuawa" linawarudisha wauaji, ila linawanyang'anya waliokufa uamuzi wao wenyewe. "Waliangamia" lina uzito, walakini halimtaji mtenda. Kwa maoni yetu hakuna kitenzi kimoja kitoshacho, na mfasiri anayo haki ya kuongeza sentensi hata kama asilia haina: wengine walijiua kwa kuzingirwa, wengine waliuawa walipotoka. Tangu 1978 lipo bamba la kumbukumbu chini ya kilima. Mgeni aliyesoma tafsiri iliyolainishwa hataelewa kwa nini watu husimama kimya mbele yake.

Turudi kuelekea kaskazini. The Shambles ni mtaa mwembamba wenye nyumba za mbao ambazo ghorofa zake za juu zimejitokeza mbele hata zinakaribia kugusana. Katika Kiingereza cha leo neno hili humaanisha vurugu au hali ya ovyo, na kamusi za kale huongeza machinjioni. Asili yake ni meza au benchi la kuuzia nyama. Wachinjaji walikuwa na maduka hapo kwa karne nyingi, na ndoano za kutundikia nyama bado zinaonekana kwenye baadhi ya nyumba, ingawa leo hazining'inizi kitu. "Mtaa wa Wachinjaji" ni maelezo mazuri, lakini jina liachwe.

Mtaa wa Petergate sasa hutufikisha kwenye kanisa. Mtaa huo na wenzake, Stonegate, zinafuata mapito ya njia kuu mbili za kambi ya Warumi, hata mgeni anayetembea hapo anaukanyaga mpango uliochorwa zaidi ya miaka 1,900 iliyopita.

Jengo lenyewe huitwa York Minster. "Minster" linatokana na neno la Kilatini la monasteri, na baadhi ya wafasiri hupotea hapo, kwa maana hapakuwa na watawa katika kanisa hilo. Liliendeshwa na makanoni, yaani makasisi wa kanisa la askofu. Linalolifanya liwe kanisa kuu ni kiti cha askofu kilichomo ndani yake; neno la Kilatini "cathedra" ni kiti. Hili lapasa kusisitizwa kwa walimu, kwani wanafunzi husikia "kuu" wakadhani "kubwa". Kanisa la parokia laweza kuwa kubwa kupita kanisa kuu, wala lisipate cheo hicho. Neno "kathedrali" nalo linasikika, lakini hatuoni sababu ya kuliacha "kanisa kuu", ambalo limezoeleka kwetu tangu zamani. Msomaji wa Kiswahili anaweza kukumbushwa lile la Mkunazini, Unguja, lililowekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, chini ya uangalizi wa Edward Steere, ambaye ndiye pia mtungaji wa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870.

Kanisa la York lililopo lilianza kujengwa yapata 1220, wakati wa Askofu Mkuu Walter de Gray, likawekwa wakfu mwaka 1472. Ndani yake istilahi zinamiminika. Kwa bahati njema Kiswahili kimekwisha rithi kutoka misikitini maneno kama mimbari, mnara, tao na nguzo, ambayo makanisa yetu yameyapokea bila ubishi; madhabahu nayo imekaa vizuri. Yaliyobaki yanahitaji uamuzi. Sehemu ndefu ya waumini Wazungu waliipa jina la merikebu, kwa sababu dari yake ilifanana na jahazi lililopinduliwa. Kuandika "jahazi la kanisa" ni kumtwika msomaji fumbo lisilo lake. "Ukumbi mkuu" latosha. Kwa kuwa jengo lina umbo la msalaba, sehemu mbili zinazochomoza ubavuni ziitwe "mkono wa kaskazini" na "mkono wa kusini". Sehemu ya mashariki wanakoketi waimbaji isiitwe "kwaya" tu, maana kwaya kwetu ni watu; "mahali pa kwaya" ni salama zaidi. Ukuta wa mawe unaoitenga sehemu hiyo na ukumbi, wenye sanamu 15 za wafalme tangu William wa Kwanza hadi Henry wa Sita, unapata katika Kiswahili neno la fahari ambalo tunalisahau: kiambaza. Anayeandika "skrini" hapo amedharau hazina ya nyumbani.

Mtego mbaya kuliko yote umo katika jengo la pembe nane lililoungana na mkono wa kaskazini, maarufu kwa kuwa dari yake haina nguzo ya katikati. Kwa Kiingereza jina lake lina neno "chapter", nalo limewahi kuzaa "nyumba ya sura". Ajabu ni kwamba kosa hilo limeikaribia asili: zamani jamaa za watawa walikutana kila siku kusomewa sura ya kanuni yao, kisha mkutano wenyewe, na mwishowe watu wake, wakaitwa kwa jina la sura. Lakini maana iliyo hai ni baraza. Tuseme "Ukumbi wa Baraza la Makanoni".

Madirisha yana vioo vya rangi, wala si "vioo vyenye madoa" kama neno la Kiingereza linavyoweza kumdanganya mtu wa haraka. Dirisha Kuu la Mashariki, kazi ya John Thornton wa Coventry, lilitengenezwa kati ya 1405 na 1408. Moto wa tarehe 9 Julai 1984 uliteketeza paa la mkono wa kusini na kukipasua vipande vingi sana kioo cha dirisha la duara lililoko huko, bila kukiangusha. Kijitabu kikisema dirisha hilo "lilihifadhiwa", "lilikarabatiwa" na "lilijengwa upya" kana kwamba ni jambo moja, mfasiri aulize lipi lilitendeka. Vioo vya zamani viliunganishwa na kurudishwa mahali pake. Huko ni kukarabati.

Mwenye nguvu bado aweza kupanda ukuta wa mji kwenye lango la Bootham na kuufuata. Zimebaki kilomita 3.4 hivi, nao hukatika upande wa mashariki, ambako zamani maji ya mto Foss yaliyozuiwa na bwawa yalitosha kuwa ulinzi. Baada ya pengo hilo huja lango la Walmgate, lenye kuta mbili zilizochomoza mbele yake kumbana adui katika njia nyembamba. Kwa kitu hicho tunapendekeza "ujia wa ulinzi". Katika malango ya miji yote ya Uingereza ni hilo moja tu lililobakiwa nao, kwa hiyo neno halitatumika mara nyingi, na mwenye pendekezo bora analo nafasi ya kulileta.