Je, Wajua? Kuna Farasi Mwenye Kope Zilizojisokota

Farasi wa aina ya Curly wa Amerika Kaskazini ana manyoya yanayojisokota mwili mzima. Majira ya baridi, hata manyoya ya ndani ya masikio hujiviringa, na kope hupindia juu.

• Hubadili vazi. Joto likija, manyoya hayo hupukutika. Baadhi yao hupoteza hata nywele za shingoni na mkiani, kisha huota upya.

• Rafiki wa wenye mzio. Watu wengi wanaopiga chafya na kuwashwa macho karibu na farasi wengine humpanda huyu bila shida.

• Hashindwi na baridi. Mwaka 1932, baridi kali iliua farasi wengi Nevada, Marekani. Wenye manyoya ya kujisokota walisalimika, na familia ya wafugaji wa huko, ya Damele, ikaanza kuwazalisha. Chama cha kuwasajili kilianzishwa 1971.

• Mzoefu wa njia za milimani. Ni mtulivu, kwato zake ni ngumu, na hustahimili safari ndefu kwenye mawe na miinuko.

Una mzio lakini unatamani kupanda farasi? Kaa na Curly kwanza zizini kabla ya kushika njia, kwani miili hutofautiana.