DAWA ZILIZOBAKI NYUMBANI: TUZIFANYE NINI?



Tuchukue mfano wa familia moja ya Katesh. Baba alikuwa na kisukari na shinikizo la damu. Watoto waliuza ng'ombe wakamnunulia dawa za miezi mitatu, lakini alifariki kabla hazijaisha. Baada ya matanga mama anakuta maboksi kabatini, mengine hayajafunguliwa. Kuna jirani mwenye ugonjwa huohuo ambaye hana fedha. Mama anayafunga maboksi kwenye kanga, anayaleta parokiani na kusema, "Wapeni maskini."

Kamati imjibu nini? Na tumjibu nini rafiki wa Ulaya au Marekani anayetaka kututumia dawa zilizobaki kwake?

Jibu ni moja: dawa iliyokwisha kukaa nyumbani kwa mgonjwa isigawiwe kwa mgonjwa mwingine, hata kama ni ya bei kubwa. Huruma ile itafutiwe njia nyingine.

Kwa nini isigawiwe

Kwanza ni hifadhi. Dawa nyingi hutakiwa kukaa mahali pakavu pasipozidi nyuzi joto 25 au 30. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Nyumba ya bati wakati wa kiangazi, au kabati lililo karibu na jiko la kuni, hupita kiwango hicho. Dawa iliyoharibika inaweza kuonekana nzima kabisa.

Pili, dawa hupimwa kwa mgonjwa. Dawa ya kisukari iliyomfaa marehemu inaweza kushusha sukari ya jirani hadi akazimia, au kumdhuru ikiwa figo zake ni dhaifu.

Tatu, mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu huhitaji dawa kila siku. Akipewa za mwezi mmoja na baadaye akakosa, tatizo lake liko palepale.

Kwa marafiki walio mbali

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1996, ukarekebishwa mwaka 1999 na 2010. Mwongozo huo unakataza kutuma dawa zilizorudishwa na wagonjwa. Unataka pia kila msaada uwe umeombwa na anayepokea, na kwa kawaida dawa iwe imebakiza angalau mwaka mmoja wa matumizi inapofika.

Sababu ni mambo yaliyokwisha kutokea. Wakati wa vita vya Bosnia, kati ya 1992 na 1996, inakadiriwa tani 17,000 za dawa zisizofaa zilipelekwa huko, na kuziteketeza kukawa mzigo mwingine. Ufaransa nayo ilikuwa ikikusanya dawa zilizobaki majumbani na kuzipeleka nchi maskini, lakini iliacha utaratibu huo mwishoni mwa mwaka 2008. Siku hizi hukusanywa na kuchomwa.

Zipo sehemu zenye mpango halali. Katika jimbo la Iowa, Marekani, tangu mwaka 2007 dawa ambazo hazijafunguliwa hukaguliwa na mfamasia kabla ya kupewa wasio na uwezo wa jimbo hilo. Rafiki aliye huko aulize kwanza kwao.

Jambo hili linatuhusu. Maporomoko ya tope yalipoikumba Hanang tarehe 3 Desemba 2023 tulijifunza kwamba janga haligongi hodi. Wakati wa janga ndipo vitu visivyoombwa huletwa kwa wingi, hivyo ni vyema tuwe na jibu mapema.

Kamati ifanye nini

1. Mshukuruni mleta dawa na mweleze sababu kwa upole. Msiweke akiba ya dawa ofisini kwa parokia.

2. Ulizeni kituo cha afya au hospitali iliyo karibu kama wanapokea dawa za kuteketezwa. Dawa hizo hutengwa na dawa nzuri, na uteketezaji husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019.

3. Dawa za kifua kikuu, ARV na za saratani zirudishwe kliniki au hospitali iliyozitoa.

4. Msizichome uani, msizitupe chooni, mtoni wala jalalani. Moto mdogo hutoa moshi wa sumu, na jalalani hupita watoto na mifugo. Wakati mnasubiri kuzipeleka, zibaki kwenye maboksi yake, zifungiwe mbali na watoto.

Kupunguza hasara

Mgonjwa akianzishiwa dawa mpya, aombe za wiki moja au mbili kwanza aone kama zinamfaa. Aulize kama ipo dawa ileile ya bei nafuu, maana jina la kampuni ndilo mara nyingi hupandisha bei. Kila aendapo kliniki, amwambie mganga dawa zilizobaki nyumbani.

Huruma ielekezwe wapi

Fedha husaidia kuliko kifurushi. Hospitali kama ile ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955, zina wataalamu wanaojua dawa gani zimepungua na zinunuliwe wapi. Mfadhili aombe orodha kwanza. Parokia nayo inaweza kutenga mfuko mdogo wa wagonjwa, kila jumuiya ikachangia baada ya mavuno.

Tumrudie mama wa Katesh. Kamati impokee, iende naye hospitali kukabidhi maboksi, na siku hiyohiyo imchukue jirani akapimwe sukari na presha. Mfuko ulipie dawa zake za mwezi wa kwanza, na kamati ikae na ndugu zake kupanga za mwezi unaofuata. Hapo nia ya mama itakuwa imetimia, na jirani atakuwa ametumia dawa aliyoandikiwa yeye.