Je, Kufyeka Pagale Kunapunguza Vibaka?

Nenda Mbagala, Tandika, Manzese au Bunju jijini Dar es Salaam, umuulize mama anayetoka saa 10 alfajiri kuwahi samaki Feri ni wapi anaogopa kupita. Hatakutajia mtaa mzima. Atakutajia mahali: pale kwenye pagale, pale kwenye kiwanja cha yule bwana asiyeonekana, pale mtaro unapokata uchochoro. Na pagale ni lile lile tunalolijua sote. Tofali zilifika lenta miaka kadhaa iliyopita zikaishia hapo, paa hakuna, ndani mibarika imempita mtu kimo, chini viroba vya taka, pampasi na chupa. Mchana watoto wanacheza pembeni. Jua likizama, vibaka wanaingia.

Kwamba uchafu na uvibaka huishi nyumba moja tumeliamini siku zote, lakini kuamini si kupima. Waliopima vizuri zaidi walifanya hivyo Philadelphia, Marekani, mji wenye maelfu ya viwanja vilivyotelekezwa. Watafiti walichukua viwanja 541 na kuvigawa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilizolewa taka, likasawazishwa, likapandwa nyasi na miti michache, kisha likazungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye upenyo, ili jirani anayetaka kupumzika aweze kuingia. La pili lilizolewa taka na kufyekwa, basi. La tatu liliachwa na magugu yake. Taarifa za polisi zikafuatiliwa, na wakazi wakahojiwa kabla na baada ya kazi hiyo. Bahati nasibu ina maana kubwa hapa: bila hiyo, mtu angeweza kudai kwamba mitaa iliyosafishwa ilikuwa tulivu tangu mwanzo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika mitaa maskini zaidi, matukio ya kutumia bunduki yalipungua kwa takriban asilimia 29 kuzunguka viwanja vilivyoshughulikiwa. Wakazi walioishi karibu navyo walipungukiwa na hofu ya kutoka nje kwa asilimia 58 hivi, na matumizi ya maeneo ya nje kwa kupumzika na kuzungumza yaliongezeka kwa asilimia 76. Mwaka 2023 ukaja utafiti mwingine wa mji huo huo, safari hii kwenye nyumba zilizohamwa. Zile zilizotiwa milango na madirisha na kusafishwa nje zilifuatiwa na upungufu wa uhalifu wa bunduki.

Maelezo ya watafiti hayana miujiza. Kichaka huficha silaha na mali ya wizi. Kikifyekwa, maficho yanakwisha. Watu nao wakianza kukaa nje, macho yanaongezeka.

Sasa tuyalete haya Temeke na Kinondoni, lakini kwa breki. Kule tatizo lilikuwa bunduki. Hapa ni simu kuporwa, panga, kuvunjiwa duka usiku. Ile asilimia 29 ni ya Philadelphia, tusiibandike Mbagala. Tuwe waangalifu pia na jaribio maarufu la Uholanzi la mwaka 2008, ambapo bahasha iliyoonyesha noti ya yuro 5 iliachwa ikining'inia kwenye sanduku la posta. Pakiwa safi, asilimia 13 ya wapita njia waliiiba. Takataka zilipotapakaa chini, asilimia 25. Linavutia kusimulia, ila ni jaribio dogo na limekosolewa. Halitoshi kumwambia mtu kwamba ukifagia mbele ya duka lako wezi watatubu.

Usafi wa pamoja wenyewe si mgeni kwetu. Kipindupindu kilipolipuka Agosti 2015, kikianzia Kinondoni, hayati Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kuifanya siku ya usafi. Yeye mwenyewe akaonekana Feri akizoa taka. Tangu hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi imekuwa siku ya kufagia. Shida yake mnaijua. Barabara inafagiliwa, mchanga unatolewa mtaroni na kurundikwa kando, mvua ya kwanza inaurudisha ndani. Pagale haliguswi kwa sababu lina mwenyewe, hata kama mwenyewe hajaonekana tangu lenta. Philadelphia vikosi vilirudi viwanja vile vile mara kwa mara kufyeka upya, na hapo ndipo sisi huwa tunachoka.

Magenge ya vijana waporaji yaliyoitwa Panya Road yalipotikisa jiji Januari 2015, na tena mwaka 2022, jibu lilikuwa misako na doria. Ulinzi shirikishi unahitajika, na fyekeo haliwezi kuwa mbadala wa polisi wala wa ajira kwa vijana. Lakini doria hupita ikaondoka. Kiwanja kilichofyekwa kikawekwa benchi na taa kinabaki hapo usiku kucha.

Kuna hatari moja inayonisumbua zaidi ya nyingine: kwamba "usafi" utageuka kisingizio cha kumfukuza mama lishe. Jiko lake la mkaa na taa yake ndogo hapo pembeni mwa uchochoro, hadi saa 4 usiku, ni ulinzi usiolipwa na mtu. Msaidieni apate ndoo ya taka. Mkimwondoa, mmezima taa na kufumba macho kwa mara moja. Na wanaoingia kwenye pagale wavae buti na glovu, maana humo mna sindano na nyoka. Plastiki zisichomwe hapo hapo. Vifuu na makopo yakiondoka, mbu wa dengi nao wanakosa mazalia, na Dar es Salaam tuliionja dengi mwaka 2014 na 2019.

Kwa hiyo, ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kabla ya kutangaza Jumamosi ijayo, itisha kikao cha akina mama, wanafunzi wanaorudi magharibi na vijana wa bodaboda. Waulize wanaogopa kupita wapi. Mwandikie mwenye pagale, mpe tarehe, mjulishe mtendaji wa kata. Anzeni na sehemu moja tu, na kabla hamjaanza andikeni matukio ya miezi mitatu iliyopita kwenye daftari la mtaa, ili baadaye mjue kama kweli yamepungua.