Mpangilio mbovu wa hifadhidata huzitia kampuni hasara

MALI bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Siku hizi daftari la kampuni ni hifadhidata, yaani kumbukumbu zilizopangwa ndani ya kompyuta. Hata hivyo, daftari lililopangwa vibaya linaweza kupoteza mali hata likijazwa kila siku.

Mteja anapodaiwa fedha alizokwisha kulipa, karani ndiye hulaumiwa. Mara nyingi kosa lilitendeka zamani, siku kumbukumbu hizo zilipobuniwa.

Kosa linalojitokeza sana ni kuandika jambo moja mahali pengi. Idara ya mauzo ina anwani ya mteja, ya uhasibu ina yake na bohari ina yake. Mteja akihama, anwani moja hubadilishwa na mbili husalia zilivyokuwa. Baada ya miaka michache hakuna ajuaye iliyo ya kweli.

Tiba ya tatizo hili ina zaidi ya miaka 50. Mwaka wa 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha makala yaliyopendekeza kumbukumbu zihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana. Kwa mpango huo, anwani huandikwa mara moja tu katika jedwali la wateja. Jedwali la mauzo hubeba nambari ya mteja, na kupitia nambari hiyo anwani hupatikana.

Lakini ni nambari gani itumike? Jina halitoshi, kwani mtu mmoja anaweza kuandikwa Mohamed leo, Mohammed kesho na Muhammad mtondo, naye akahesabiwa kuwa watu watatu.

Kampuni nyingine hutumia nambari ya simu. Hiyo nayo ni hatari, kwa sababu mteja anaweza kuibadilisha, na laini iliyokaa bila kutumiwa huweza kupewa mtu mwingine. Deni la wa kwanza humwandama wa pili. Ni heri kampuni impe kila mteja nambari yake ya ndani, isiyobadilika kamwe.

Isitoshe, nambari ya simu ikihifadhiwa kama tarakimu za hesabu, sufuri ya mwanzo hupotea: 0722 hugeuka kuwa 722. Nambari isiyojumlishwa wala kugawanywa yafaa ihifadhiwe kama maandishi.

Kosa jingine ni kusahau kwamba mambo hubadilika. Mnamo Aprili 2020 serikali ya Kenya ilipunguza ushuru wa thamani ya ziada (VAT) kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha ikaurejesha kuwa asilimia 16 mnamo Januari 2021.

Chukua bidhaa ya Sh10,000 iliyouzwa Mei 2020. Ushuru wake ulikuwa Sh1,400. Iwapo hifadhidata ina nafasi ya kiwango kimoja tu, ankara hiyo ikichapishwa upya leo itaonyesha Sh1,600, na hesabu za kampuni hazitalingana na malipo yaliyofanywa. Kila kiwango kinapaswa kuandikwa pamoja na tarehe kilipoanza na kilipokoma.

Madhara hayaishii kwenye vitabu vya kampuni. Mfanyakazi anaweza kukosa malipo ya uzeeni kwa sababu ya jina lililoandikwa visivyo, na mkulima akanyimwa mkopo kwa deni lisilo lake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa Mkenya haki ya kutaka habari za uongo kumhusu zirekebishwe. Kampuni iliyoziandika mahali patano itazirekebishaje zote?

Kabla ya kununua programu yoyote, wakurugenzi wawaite makarani, wahasibu na watunza bohari, waulize: jambo hili litaandikwa wapi, litatambuliwa kwa nambari gani, na likibadilika itakuwaje? Maswali hayo ni rahisi kujibiwa kwenye karatasi, lakini ni ghali mno majedwali yakishajaa.